Ukianguka Chali, Hapo Ndipo Mchezo Unaanza

Kijana mmoja kutoka upande wa Kimilili alikuja mazoezini kwetu akiwa na mwili wa mtu aliyebeba magunia tangu utotoni. Tulipoanza kushikana, aliniangusha mara mbili upesi upesi, kwa ngwala safi ambayo hakufundishwa na kocha yeyote. Aliipata malishoni, akicheza mieleka na wenzake huku ng'ombe wakila. Mara ya tatu nikamwahi mimi. Mgongo wake ulipogusa turubai, mikono ikamlegea, akatabasamu, akaninyooshea mkono tupeane kama watu waliomaliza shughuli.

"Si nimeanguka, kocha?"

Nikamwambia alale vivyo hivyo, tuendelee.

Swali lile limekaa nami kwa sababu linaeleza shida ya watu wetu wengi wanaoanza jiu-jitsu ya Kibrazili huku Kitale na Bungoma, nchini Kenya. Katika mieleka tuliyokua nayo, na hata katika ekigwo ya Waganda ng'ambo ya mpaka, mgongo kugusa ardhi ni hukumu. Umeanguka, umeshindwa, wenzako wanashangilia, anaingia mwingine. Katika jiu-jitsu, mgongo kugusa ardhi ni mlango wa kuingilia. Kazi kubwa inafanyika pale chini, na mtu aliyelala chali anaweza kuwa ndiye anayeshinda. Mtu wa huku basi huja na hazina kubwa miguuni, maana anajua kusimama, kuvuta na kupiga ngwala. Ila huja pia na mazoea mawili yanayomponza.

La kwanza ni kule kulegea. Mwili umezoea kwamba ukifika chini kazi imekwisha, kwa hiyo unapumzika sekunde mbili, na katika sekunde hizo mbili mwenzako amekwisha kukukalia kifuani. La pili ni baya zaidi. Mtu anayeona haya mgongo wake kugusa ardhi hugeuka kifudifudi haraka ili asionekane ameanguka, na hapo ametoa zawadi ambayo hakuna mchezaji wa jiu-jitsu anayeikataa. Sote tunaijua ngeta, ile kabari ya kutoka nyuma ambayo wezi wa usiku huwatia watu barabarani. Jiu-jitsu imeichukua kabari hiyo hiyo, ikaisafisha, ikaiweka juu kabisa katika mbinu zake. Ukimpa mtu mgongo wako, umempa shingo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni huu: miezi yako miwili ya mwanzo ilale chali. Usiombe kufundishwa kabari kumi. Omba uwekwe chini, ukaliwe, ulaliwe, kisha ujifunze kutoka. Nimeona wengi wakifanya kinyume, wakijaza vichwa vyao mbinu za kumaliza pambano ilhali hawajui kutoka chini ya mtu wa kilo tisini. Mtu wa namna hiyo hupambana kwa hofu. Kila jaribio lake lina wasiwasi wa kupoteza nafasi, naye hushika kwa nguvu zote na kuchoka katika dakika ya pili. Anayejua kutoka hana haraka. Atajaribu jambo, likishindikana atalaliwa, atatoka, atajaribu tena.

Nieleze kutoka kumoja kwa kirefu, maana humo mna karibu jiu-jitsu yote. Mwenzako amekulalia kwa ubavu, kifua chake juu ya kifua chako. Silika yako ni kunyoosha mikono umsukume juu kama unayesukuma gunia. Usifanye hivyo. Mkono ulionyooka huchoka, na mkono ulionyooka ndio unaopindwa kwenye kiwiko. Kunja mikono. Kigasha kimoja kiweke kwenye mfupa wa nyonga yake, kingine kiweke shingoni pake chini ya kidevu. Unatumia mfupa dhidi ya mfupa, kama mti unaoegemeza paa, misuli ipumzike. Sasa kanyaga kwa nyayo zote mbili, inua kiuno juu kwa nguvu mara moja, naye atapanda kidogo. Anaposhuka, usimsukume: wewe ndiwe uondoke. Sogeza kiuno chako mbali naye, lala kwa ubavu ukimtazama, kisha ingiza goti la karibu kwenye ule upenyo mpaka likutane na kiwiko chako. Goti likishaingia, umerudi kwenye gadi, yaani miguu yako imekaa kati yako na yeye, nawe unaweza kuanza kazi yako.

Wanafunzi huniambia wamefanya hivyo vyote na bado wamebanwa. Karibu kila mara kosa ni moja: wanainua kiuno na kukirudisha palepale kilipokuwa. Hawakusogea. Fanya jaribio hili nyumbani, peke yako, sakafuni. Weka kikombe karibu na kiuno chako, inua, sogea, kisha tazama umbali kati yako na kikombe. Kama haufiki urefu wa kiganja na kigasha, bado hujatoka popote. Mara hamsini asubuhi, hamsini jioni, haihitaji mwenzako wala mkeka wa maana.

Mtu ataniuliza: tutajifunza vipi hapa kwetu, wakati hatuna ukumbi mkubwa, hatuna walimu wa mkanda mweusi wanaotuzunguka, na Jumanne ya mvua tuko watu watano? Swali hilo ni zito na mimi nalichukulia kwa uzito. Lakini hebu turudi mahali mchezo huu ulipoanzia. Mwaka 1882, Jigoro Kano, kijana wa miaka 21, alianzisha shule yake ya judo, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Alikuwa na mikeka 12 ya tatami, eneo linalokaribia mita 20 za mraba, na katika mwaka ule wa kwanza alipata wanafunzi tisa. Kutoka shule ile alitoka baadaye Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan aliyezunguka dunia akipigana, akafika Brazili mwaka 1914, akamfundisha Carlos Gracie katika mji wa Belém. Baadaye akina Gracie wakafungua shule yao Rio de Janeiro. Novemba 12, 1993, mjini Denver, Marekani, Royce Gracie, mwembamba kuliko karibu wote aliopangwa nao, alishinda mapambano matatu usiku mmoja katika shindano la kwanza la mapigano la UFC, na dunia ikaanza kuuliza huyu alijifunza nini. Wanafunzi tisa na chumba kimoja vilitosha kuanzisha yote hayo.

Kilichowatofautisha watu wa Kano kilikuwa namna ya kufanya mazoezi. Shule nyingi za zamani za jujitsu ya Kijapani zilikuwa na mbinu za hatari, na kwa sababu zilikuwa za hatari, wanafunzi walizirudia kwa mpangilio, mmoja akijua mwenzake atafanya nini. Kano aliondoa katika mazoezi ya kila siku zile mbinu zinazovunja watu, akabakiza zile ambazo mtu anaweza kuzijaribu kwa nguvu zake zote dhidi ya mwenzake anayekataa kwa nguvu zake zote, kisha wote wawili wakarudi kesho. Ndani ya miaka michache vijana wake walikuwa wakiwashinda watu wa shule za zamani. Walikuwa wamepambana mara mamia na mtu asiyekubali kuanguka, jambo ambalo wenzao hawakuwa nalo.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka msomaji wa Kitale na Bungoma alishike. Sisi hatukosi mbinu. Simu yako ina mbinu nyingi kuliko utakazoweza kujifunza katika maisha matatu. Tunachokosa ni dakika za mkekani tukiwa na mtu anayekataa. Dakika hizo ndizo mali yetu adimu, na kila uamuzi kuhusu mazoezi upimwe kwa hilo.

Ukilitazama hivyo, mambo mengi yanayofanywa na vikundi vidogo yanaonekana kuwa upotevu. Nusu saa ya kukimbia kuzunguka ukumbi: kimbia alfajiri barabarani, njoo mkekani ukiwa umekwisha kupasha mwili. Kurudia mbinu mara mia huku mwenzako amelala kama gogo: mara kumi zinatosha kujua mkono uende wapi, baada ya hapo gogo halikufundishi kitu. Kupambana kutoka kusimama hadi mmoja ashinde, dakika sita mfululizo, kila siku: utapata raha, lakini dakika nne kati ya hizo mtakuwa mnashikana kola mkizungukana, na lile jambo ulilokuja kulirekebisha halitatokea hata mara moja.

Badala yake, anzeni pale penye shida. Kama unalaliwa kwa ubavu na hutoki, anza ukiwa umelaliwa. Dakika mbili. Ukitoka, mnasimama, mnarudi palepale. Akikumaliza, mnarudi palepale. Yeye anajaribu kwa kweli kukuzuia, wewe unajaribu kwa kweli kutoka. Katika dakika kumi utakuwa umekutana na shida yako mara ishirini, ambapo kwa mapambano ya kawaida ungekutana nayo mara ishirini katika mwezi. Kisha mbadilishane. Yule wa juu naye anajifunza, kwa sababu kila unapotoka unamwonyesha ni wapi uzito wake haukukaa.

Mkiwa watatu kuna desturi ya kwamba aliyeshindwa atoke, mshindi abaki. Ni desturi ya mieleka na inaleta msisimko, ila kwa mafunzo ni mbaya. Aliye dhaifu, ambaye ndiye anayehitaji dakika nyingi, hukaa pembeni akitazama. Geuzeni: anayejifunza jambo la siku hiyo abaki mkekani, wawili wengine wamjie kwa zamu, mmoja akitoka mwingine anaingia. Dakika sita za namna hiyo ni ngumu mno. Mpe maji, kisha mbadilishe.

Sasa, kama mwenzako ndiye mali yako adimu, basi mwili wake ni wa kutunzwa kuliko kitu kingine chochote ukumbini. Mimi niliwahi kukosea hapa, na kosa lile nalisema mbele ya kila mgeni. Tulikuwa Bungoma, nimeshika mkono wa ndugu mmoja, nimeunyoosha. Akagonga turubai kwa kiganja, ishara ya kukubali na kuomba aachiwe. Nilisikia, lakini nilidhani ni mkono umeteleza, nikaendelea kitambo kidogo tu, muda wa kupepesa jicho. Kiwiko kikalia. Ndugu yule ni mwendeshaji wa bodaboda. Kwa majuma kadhaa hakuweza kushika breki ya mbele, na nyumbani kwake watoto walikuwa wakisubiri alichokuwa akileta jioni. Nilimsaidia kwa nilichoweza, naye alinisamehe, lakini kikundi chetu kilipoteza mtu mzuri kwa muda mrefu na mimi nilipoteza mwalimu, kwa maana yule ndiye aliyekuwa akinifundisha kuangusha.

Tangu siku ile sheria yetu ni kwamba anayeshika ndiye mwenye jukumu. Ukihisi kofi, ukisikia sauti, ukiwa na shaka, achia. Hakuna atakayekudai ushindi. Mbinu ya kiwiko ikandamizwe polepole, mpe mwenzako muda wa kugonga. Kabari ya shingo ikikaa vizuri hukata damu inayokwenda kichwani, na mtu huzimia katika muda wa sekunde kumi hivi, wakati mwingine bila kuhisi maumivu makali. Kwa hiyo anayekaba amtazame anayekabwa, na asiwepo mtu wa kujaribu kabari kwa mchezo nje ya mazoezi, sembuse watoto peke yao. Kufungwa kisigino, yaani kuzungushwa kisigino mpaka goti lipindike, kukwepwe kabisa na wanaoanza, kwa kuwa goti huchanika kabla maumivu hayajaja. Shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, IBJJF, lenyewe, ambalo liliruhusu mbinu hiyo mwaka 2021, liliiruhusu kwa watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi tu, tena katika mashindano yasiyo ya gi, lile vazi lenye kola.

Na wewe unayekabwa, gonga mapema. Vijana wetu wanaona kugonga ni aibu, kwa sababu ile ile ya mgongo kugusa ardhi. Kugonga ni kusema: hapa umenipata, turudi tuone ulinipataje. Anayegonga mara nane katika jioni moja na kuuliza mara nane amejifunza mambo manane.

Nguvu nayo ina hila zake. Mtu aliyekulia kwenye mashamba ya Trans Nzoia, aliyepakia magunia ya mahindi ya kilo 90 kwenye lori, ana mgongo na vidole ambavyo watu wa mjini hulipia kuvipata. Ni baraka, wala simwambii mtu aone haya kwa nguvu zake. Lakini nguvu hufunika makosa. Ukimgeuza mtu kwa misuli, hutajua kwamba kiuno chako kilikuwa mahali pabaya, mpaka siku utakapokutana na mwenye nguvu kama zako. Kwa hiyo chagua siku moja katika juma upambane kwa nusu ya nguvu na yule mdogo kuliko wote ukumbini. Kama mbinu haifanyi kazi kwake kwa nusu ya nguvu, haijawa mbinu.

Tena mwinuko unatuumbua mapema. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na mtu aliyepanda kutoka Bungoma, ambako ni chini kwa mita mia kadhaa, huhisi tofauti kifuani akishika kwa nguvu. Jifunze kupumua kwa pua ukiwa umelaliwa. Ukijikuta umeziba pumzi, hiyo ni dalili kwamba umeacha kufikiri.

Wadogo wa mwili, na dada zetu wanaoanza kuja kwa wingi, wana faida hapa ambayo hawaambiwi. Kwa kuwa hawawezi kumwinua mtu, hulazimika kutafuta pembe sahihi tangu siku ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye wao ndio wenye mbinu safi. Ila kikundi kiwatengenezee mahali pa kufaa: kila mtu awe na haki ya kumkataa mwenzi wa kupambana naye bila kueleza sababu, na kocha asimlazimishe. Kikundi kisichoweza kuahidi hilo hakistahili kuletewa binti wa mtu.

Baada ya kujua kutoka, chagua njia moja ya kushambulia ukae nayo msimu mzima, tangu kupanda mpaka kuvuna. Ngazi ya alama za mashindano inaweza kukuongoza, kwa sababu inaonyesha mchezo unathamini nini: kumwangusha mtu alama 2, kumpindua kutoka kwenye gadi alama 2, kuipita miguu yake alama 3, kumkalia kifuani au kushika mgongo wake kwa miguu yote miwili alama 4. Unapanda kutoka pasipo usalama kwenda penye usalama, kisha unamaliza. Kwa mtu wa huku mwenye ngwala nzuri, njia iliyonyooka ni hii: mwangushe, pita miguu mara moja kabla hajaikusanya, kaa kifuani, kaba kwa kola. Mnyororo mmoja, viungo vinne. Roger Gracie, bingwa wa dunia mara kumi, alijulikana zaidi kwa kabari ya kola kutoka kifuani, mbinu ambayo mwenye mkanda mweupe hufundishwa katika miezi yake ya kwanza. Wapinzani walijua inakuja, wakajiandaa kuikwepa, na bado ikawakaba. Alikuwa ameichimba kwa kina ambacho wao hawakuchimba.

Simu itumike baada ya mazoezi, isitangulie. Ukiifungua kabla, utakuja na mbinu mpya ya kuonyesha. Ukiifungua baada, utakuja na swali: kwa nini jana nilipomshika mkono alitoa kiwiko? Swali hilo lina jibu. Huenda magoti yako hayakubana, huenda kiuno chako kilikuwa mbali na bega lake, huenda kidole gumba chake hakikuelekea juu. Tafuta video moja inayojibu swali moja, itazame mara tatu, funga. Bando linaisha, na kichwa kinajaa upesi kuliko bando. Afadhali zaidi: egemeza simu kwenye kiti, jirekodi dakika tano ukipambana. Utajiona ukifanya mambo ambayo ungeapa hufanyi. Weka na daftari la shilingi chache, andika mistari mitatu kila jioni: nilikwama wapi, niliulizia nini, kesho nianzie wapi. Kikundi ambacho watu wake wanne wana madaftari ya namna hiyo hakihitaji kungoja kocha mgeni ndipo kisonge mbele.

Kuhusu mkeka wenyewe, tusingoje wafadhili. Unga wa mbao kutoka kwa maseremala, uliokauka vizuri na kuchekechwa misumari na vibanzi, ukimwagwa kina cha kiganja ndani ya fremu ya mbao, ukashindiliwa, ukafunikwa kwa turubai lililovutwa likakaza, ni mkeka. Turubai likilegea, vidole vya miguu hunasa kwenye mikunjo na kuvunjika, kwa hiyo likazwe kila juma. Msimu wa mvua unyevu ukiingia chini, toeni unga wote muuanike. Futeni turubai kwa maji yenye Jik kila baada ya mazoezi, kata kucha, vaa nguo safi, oga usiku huo huo. Choa, ile ambayo watoto huiita mashilingi, ikiingia katika kikundi cha watu kumi huweza kuwapata wote kumi, na mwenye kidonda cha ngozi akae nyumbani bila kuonewa haya.

Jambo moja zaidi ambalo nimelithibitisha kwa nauli yangu. Mkipambana ninyi kwa ninyi mwaka mzima, mnajifunza tabia za rafiki zenu mkidhani ni jiu-jitsu. Mimi najua kwamba fulani hugeukia kushoto, kwa hiyo mtego wangu wa kushoto unafanya kazi kila siku, nami najiona nimeiva. Nikipanda matatu Kitale, nikapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, nakutana na mtu anayegeukia kulia, na mtego wangu unashika hewa. Safari hiyo moja hunifundisha kuliko mwezi wa nyumbani. Vikundi vya miji hii miwili vitembeleane angalau mara moja kwa mwezi, mwezi huu huku, mwezi ujao kule, tena wageni wapewe nafasi ya kuanza wakiwa katika nafasi nzuri, kwa sababu lengo ni kuona wanachokijua. Kalenda izingatie maisha ya watu: Aprili mashamba yanadai mikono, na Agosti ya mwaka wa shufwa, wakati wa jando la Wabukusu, Bungoma haina nafasi ya kitu kingine. Aliyetahiriwa apone kabisa kabla ya kurudi.

Mikanda nitaigusia tu. Kwa watu wazima ni mweupe, buluu, zambarau, kahawia na mweusi, na kanuni za IBJJF zinamtaka mtu akae na buluu miaka miwili kabla ya zambarau. Njia ni ndefu. Mtu akija kukuuzia mkanda kwa ada ya semina ya siku mbili, mkatalie. Mkanda hutolewa na anayekujua, aliyekuona ukipambana, na kama mtu huyo yuko Nairobi au nje ya nchi, basi mwalikeni au mwendeeni, hata ikichukua miaka. Mkanda mweupe uliofuliwa mpaka ukawa kijivu hauna aibu yoyote.

Yule kijana wa Kimilili alilala siku ile kama nilivyomwambia, nikamlalia kwa ubavu, akasukuma kwa mikono iliyonyooka mpaka akachoka. Nikamwonyesha vigasha, kiuno na goti. Alitoka katika jaribio la saba. Siku hizi huja na mdogo wake, na mdogo wake ameanza kwa kulala chali. Nawe msomaji, kama uko karibu na Kitale au Bungoma na una jirani mmoja aliye tayari kushikana nawe bila chuki, tafuteni turubai, mwekane chini kwa zamu, na mkisikia kofi, mwachiane.